Nimeweka padi chini, nimeshika penseli

Najua nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na wengine mlidhani nimepata kazi Nairobi nikawasahau. La hasha. Bado niko Kakamega, bado naandika programu nikiwa sebuleni, bado nagombana na intaneti kila mvua inaponyesha (na hapa kwetu mvua hainyeshi, inaishi). Kilichobadilika ni jambo moja tu: jioni sichezi gemu tena. Nachora.

Ndiyo, kuchora. Kwa penseli. Kwenye karatasi. Cheka kwanza umalize, halafu tuendelee.

Mambo yalianza na namba. Nilikuwa natafuta gemu fulani la zamani kwenye akaunti yangu ya Steam, na wanaoitumia mnajua kwamba Steam haina aibu: kando ya kila gemu inakuandikia umelicheza kwa saa ngapi. Gemu moja la kandanda, moja tu, lilikuwa na saa 1,312. Sasa, mtu aliyesomea sayansi ya kompyuta akiona namba hawezi kuiacha hivyo hivyo. Nikagawanya kwa saa 8 za kazi. Siku 164. Yaani zaidi ya miezi saba ya kwenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa, bila likizo, bila mshahara. Na hapo sijahesabu yale ya kwenye simu wala usiku niliokesha kwa rafiki yangu mwenye PlayStation. Mradi wangu wa mwaka wa nne chuoni sidhani kama ulifika saa 300, na ule ndio ulionipa digrii.

Kilichoniuma zaidi si muda wenyewe. Nilikaa nikajaribu kukumbuka bao moja, hata moja, kati ya maelfu niliyoyafunga katika saa hizo. Sikulipata. Nakumbuka nilishangilia. Nakumbuka jirani akigonga ukuta. Bao lenyewe limekwenda.

Kabla hamjaanza kunitumia mahubiri, nataka niseme kwamba mimi si adui wa gemu. Nimechoka na wazee wanaosema gemu ni za shetani, na nimechoka vilevile na mapasta wanaosema hivyo huku simu zao zinalia katikati ya ibada. Bila gemu mimi nisingekuwa mtengenezaji wa programu. Nikiwa shule ya msingi kulikuwa na kibanda cha mabati karibu na soko, shilingi kumi kwa mechi, na pale ndipo niliposhika padi kwa mara ya kwanza. Baadaye nikagundua kwamba gemu la FIFA linakuruhusu kubadilisha majina ya wachezaji. Nikachukua timu moja ya Uingereza nikaijaza wachezaji wa AFC Leopards, kikosi kizima cha Ingwe, na siku hiyo watoto wa kibanda kile waliniona kama mchawi. Kuingia ndani ya mashine, kubadilisha kitu, kisha kuona mashine inakutii: hiyo ndiyo kazi ninayoifanya mpaka leo. Tofauti ni kwamba sasa wateja wananichelewesha malipo.

Na tuwe wakweli kuhusu maradhi pia. Shirika la Afya Duniani liliweka tatizo la uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Watu wakasoma kichwa cha habari tu wakaanza kuwanyang'anya watoto simu. Lakini ukisoma maelezo, ni mtu aliyeshindwa kujizuia, anayeweka gemu mbele ya mambo mengine yote, anayeendelea hata anapoona linamharibia maisha, na hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu angalau miezi 12. Mimi sikuwa huko. Kodi ya nyumba nililipa, kazi nilimaliza, mama nilimpigia simu. Nilikuwa mtu mzima wa kawaida mwenye jioni zilizokuwa zikipotea.

Swali langu lilikuwa, zinapotelea wapi? Hapa ndipo taaluma yangu inaponiumbua, kwa sababu najua jinsi mambo haya yanavyotengenezwa. Nimewahi kuandika programu ambayo mteja aliniambia waziwazi: tunataka mtumiaji arudi kila siku, hata kama hana la kufanya. Unampa zawadi kwa kuingia. Leo kidogo, kesho kidogo zaidi, siku ya saba kubwa. Akikosa siku moja anaanza upya. Na zawadi iliyo bora kuliko zote ni ile asiyoweza kuitabiri: mara hapati kitu, mara hapati kitu, mara paap, amepata mchezaji wa dhahabu. Zile pakiti za wachezaji kwenye gemu za kandanda zinafanya kazi hivyo hivyo. Ubelgiji iliziangalia mwaka 2018, tume yake ya kamari ikasema huo ni mchezo wa kamari, na kufikia Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko zile pointi za kununulia pakiti. Sisi Wakenya hatuhitaji tume ituambie. Yeyote aliyewahi kuona kijana akingoja mkeka wake kwenye simu, jioni ya Jumamosi, anaujua uso huo. Ni uso ule ule.

Penseli haina kitengo cha kupima kama umerudi. Ukiiacha miezi mitatu haikutumii ujumbe kwamba imekukosa.

Haya, nilivyoanza. Stima ilipotea saa moja jioni, kama ada. Kompyuta ikazima, betri ya simu ilikuwa asilimia nne. Nikawasha taa ya sola, nikachukua daftari la Kasuku lililobaki nusu na penseli ya HB, nikaanza kuchora kikombe changu cha chai kilichokuwa mezani. Si kwa sababu ya kutafuta sanaa, ni kwa sababu ya kuchoka.

Kikombe kilikuwa kibaya. Kibaya sana! Na nikataka kujua kwa nini, maana mimi kitu kikikataa kufanya kazi silali. Nikakitazama kikombe, nikatazama mchoro, nikarudia. Hatimaye nikaona: mdomo wa kikombe nilikuwa nimeuchora duara. Kwani si duara? Ni duara, ndiyo, lakini kutoka pale nilipokaa jicho halioni duara. Linaona duaradufu nyembamba, karibu mstari. Nilichora ninachokijua, si ninachokiona. Nikafuta, nikachora kile kilichokuwa mbele ya macho yangu, na ghafla kikombe kikakaa mezani.

Jamani, nilipiga kelele kuliko bao lolote.

Baadaye nikasoma kwamba mwalimu mmoja Mmarekani, Betty Edwards, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1979. Maelezo yake kuhusu upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo wanasayansi wa leo hawayakubali sana, lakini zoezi lake moja ni la ajabu: chukua picha ya mtu, igeuze miguu juu kichwa chini, kisha uinakili hivyo hivyo. Utaichora vizuri zaidi kuliko ikiwa wima. Kwa nini? Kwa sababu ikiwa wima ubongo unasema, "hilo ni jicho, jicho nalijua," na unachora lile jicho la samaki unalolichora tangu darasa la pili. Ikigeuzwa, ubongo hauna jina la kukupa. Unabaki na mistari tu, na huna budi kuitazama. Jaribu usiku wa leo. Nilijaribu na picha iliyokuwa kwenye kalenda, na nilipoigeuza mwishowe nilishtuka.

Wenzangu wa fani hii, mnaona ninakoelekea? Ni mara ngapi umekaa na hitilafu saa tatu nzima, unasoma mstari ule ule, na huioni, kwa sababu unasoma ulichodhani umeandika? Unamwita mwenzako, anaangalia sekunde kumi, anakuonyesha alama moja iliyo mahali pabaya. Yeye anaona mistari, wewe ulikuwa unaona nia yako. Sidai kwamba kuchora kumenifanya gwiji. Ninasema tu kwamba siku hizi nikikwama naisoma misimbo yangu kama nilivyokichora kile kikombe cha pili, na mara nyingi inanisaidia.

Tena mambo haya mawili si maadui wa asili. Historia yake inafurahisha. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT kule Marekani, Steve Russell na wenzake waliandika Spacewar, gemu la vyombo viwili vya angani vinavyorushiana makombora, kwenye mashine ya PDP-1. Mwaka uliofuata, 1963, mwanafunzi wa chuo hicho hicho, Ivan Sutherland, akawasilisha tasnifu yake kuhusu Sketchpad, programu ya kuchorea moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Ukichora mistari miwili iliyopinda kidogo ukaiambia iwe sambamba, mashine inainyoosha. Kila programu ya kuchorea unayoitumia leo inamdai Sutherland kitu. Kwa hiyo gemu na mchoro zilizaliwa karibu nyumba moja, mwaka mmoja zikipishana. Na Shigeru Miyamoto, aliyeiletea dunia Donkey Kong mwaka 1981 na Mario ndani yake, hakuingia Nintendo kama mtu wa kompyuta. Alisomea ubunifu wa bidhaa, na kabla ya hapo alitamani kuwa mchoraji wa katuni.

Nimepotea njia kidogo. Turudi Kakamega.

Jambo linaloniudhi ni kwamba nilipaswa kujua kuchora tangu zamani. Sisi tuliosoma chini ya 8-4-4 miaka ya 2000, sanaa ilikuwepo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Lakini haikutahiniwa katika KCPE. Karatasi zilikuwa tano, Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Sayansi na Masomo ya Jamii pamoja na Dini, na kuchora hakukuwamo. Kwa hiyo kila kipindi cha sanaa kilipofika mwalimu wa Hisabati aliingia na rula yake, na hakuna aliyeuliza. Mimi simlaumu, naye alikuwa anapimwa kwa alama zetu. Lakini fikiria watoto wa nchi nzima waliofundishwa kwamba kitu kisichotahiniwa hakipo.

Na tulikuwa tunapenda michoro! Baba akileta Taifa Leo nyumbani, mimi sikugusa siasa, nilikimbilia Juha Kalulu wa marehemu Edward Gitau. Mwaka 2010 Shujaaz ilipoanza kutolewa bure ndani ya gazeti, tuliigombania mpaka ikachanika. Gado, yule Mtanzania aliyeanza kuchora katika gazeti la Nation mwaka 1992, alikuwa anatufundisha siasa kuliko mwalimu wa Uraia. Lakini hatukuwahi kufikiri kwamba mkono uliochora vile ni mkono kama wetu. Tuliamini watu wale walizaliwa nao. Ukitaka dawa ya imani hiyo, mfikirie Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960: hakuwa amesoma chuo chochote cha sanaa, alichora kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vipande vya mbao za kushindilia, na alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameacha mtindo unaobeba jina lake mpaka leo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kukhu wangu anaishi Shinyalu. Amepita miaka themanini. Kila mwezi nimekuwa nikienda kumwona, na nilijiona mjukuu mwema kwa hilo. Lakini nikiwa mkweli, nilikuwa naenda kukaa kwenye kiti chake huku nacheza gemu kwenye simu. Yeye anaongea, mimi naitikia "eee, kukhu," kidole kikiendelea. Alishazoea. Alikuwa anaongea na kuku pia, kwa sauti ile ile.

Mwezi wa pili baada ya kuanza kuchora nilienda na daftari. Alikuwa ameketi nje anapukuchua maharagwe, nikamwomba nimchore mikono. Akacheka, akasema mikono yake ni ya kuchorwa nini, nimchore alipokuwa msichana. Nikaanza. Mikono ni migumu kuchora, wacha nikwambie, hasa mikono ya mzee. Kila kidole kina njia yake. Nilichukua karibu saa nzima, na katika saa hiyo nzima nilikuwa namtazama.

Na akaanza kusimulia. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa namtazama. Nikamuuliza kovu lililo chini ya kidole gumba lilitoka wapi, kovu ambalo miaka yote sikuwahi kuliona, na hilo likafungua mlango. Akanieleza habari za baba yake, aliyechimba dhahabu Rosterman, pale pale ninapopita na bodaboda nikienda kununua data. Shuleni tulisoma kwamba Kakamega ilikuwa na msako wa dhahabu miaka ya 1930, Wazungu wakaja kwa mamia. Hakuna aliyeniambia kwamba babu wa mama yangu alikuwa chini ya ardhi ile na taa mkononi. Au labda niliambiwa, na nikaitikia "eee, kukhu."

Jicho lake la kushoto limeanza kuwa na ukungu. Nilipomwonyesha mchoro aliusogeza karibu na uso, akauangalia kwa muda, akasema, "Mwana wanje, kidole hiki umekifanya kirefu." Alikuwa sahihi. Nimeenda Jumapili nne tangu siku hiyo. Nina michoro kumi na moja, na kurasa sita za mambo aliyosema, niliyoyaandika pembeni mwa michoro.

Najua swali linalokuja. Mwenzangu mmoja wa kazi ameshaniuliza: siku hizi si unaiandikia tu programu ya akili bandia inakuchorea, ya nini kujitesa? Nilijaribu, kwa sababu mimi pia ni mtu wa teknolojia na sikatai kitu kabla ya kukiona. Niliiomba programu moja inichoree bibi mzee wa Kiisukha akipukuchua maharagwe. Baada ya sekunde kumi na tano ikaniletea bibi mrembo ajabu, mwanga wa jua nyuma yake, na shingoni amejaa shanga za Kimaasai. Hehehe! Lakini hata ingepatia, hata ingemtoa kukhu mwenyewe, bado ningekuwa nimeitazama skrini kwa sekunde kumi na tano badala ya kumtazama yeye kwa saa nzima. Picha ndiyo iliyobaki mkononi, ila sikuwa naifuata picha.

Swali la pili ni la Wakenya: "Inalipa?" Kila kitu hapa lazima kilipe. Ukifuga sungura wawili watu wanakuuliza soko liko wapi. Rafiki mmoja alinishauri niweke michoro Instagram, nianze kuchukua oda za picha za harusi. Niliweka mitatu. Siku mbili nilikuwa nafungua simu kila dakika tano kuhesabu waliopenda, na mchoro wa nne nilijikuta nikiuchora kwa ajili yao: nilichagua ndege mzuri badala ya ndoo iliyokuwa mbele yangu. Nikaifuta akaunti. Nilikuwa nimejenga gemu lile lile upya kwa mikono yangu, tena bila hata muziki.

Je, nimeacha gemu kabisa? Hapana. Mpwa wangu wa miaka tisa huja Jumamosi na tunacheza mechi tatu, na ananifunga, na anatangaza kwa mtaa mzima. Baada ya hapo sasa tunachora. Yeye anachora wachezaji, wote wana vichwa vikubwa na viatu vikubwa zaidi, na hataki ushauri wangu. Sawa.

Kama unataka kuanza, usinunue kitu. Wauzaji watakuambia unahitaji penseli kumi na mbili na daftari la karatasi nzito. Mimi nimetumia daftari la Kasuku miezi mitatu, mistari yake ya buluu imepita katikati ya uso wa kila mtu. Chora kilichoko mezani. Chora kiatu, kiatu ni kigumu na hakichoki kukaa. Andika tarehe. Usichane karatasi mbaya, hata ile ya kikombe. Nilijaribu pia kuingia msitu wa Kakamega kuchora mkuyu, ile ya jamii inayoota juu ya mti mwingine kutokana na mbegu iliyodondoshwa na ndege, inashusha mizizi mpaka ardhini na kumzingira mwenyeji wake mpaka anakufa ndani. Nilikaa asubuhi nzima nisijue mzizi upi ni wa nani. Nyani waliniangalia kwa huruma. Usianzie huko.

Jumamosi hii, mvua ikikubali, naenda Ilesi, kwenye lile Jiwe Linalolia kando ya barabara ya Kisumu. Nimelipita kwa matatu pengine mara elfu, na jana nilipojaribu kulichora kwa kukumbuka nilishindwa kujua kama lile jiwe la juu, lililokaa kama kichwa, limeinama upande wa barabara au upande wa pili. Mpwa wangu anasema limeinama upande wa barabara. Tumewekeana dau la soda.